Specioza na Mvinyo Usiotiwa Sukari

Specioza alikuwa na namna yake ya kumtazama mtu. Alianzia miguuni, akapanda polepole hadi usoni, halafu akageuza macho pembeni kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mboga ya juzi. Watu wa Mwese waliliogopa jicho hilo kuliko maneno yake, ingawa maneno yenyewe nayo hayakuwa na nafuu.

Hakuzaliwa Mwese. Alizaliwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akaolewa na Thadei, mtu wa kabila la Wabende wa Mwese aliyekuwa akifanya kazi reli. Thadei alipangiwa Dodoma, na huko Specioza akapata kibarua kwenye shamba la zabibu la wamisionari. Aliingia kama mchumaji tu. Miaka ilivyokwenda akakabidhiwa ufunguo wa chumba cha mapipa. Bruda mmoja mzee, Mwitaliano, alimfundisha kupogolea mizabibu, kukamua na kuonja. Alimfundisha na kudharau. Bruda yule akionja mvinyo mbaya aliutema mchangani, hasemi neno, anakwenda zake. Specioza aliipenda tabia ile kuliko vyote alivyofundishwa.

Mwaka 1991 reli ilipunguza wafanyakazi, na Thadei akapunguzwa. Wakapanda treni kurudi nyumbani na binti yao wa pekee, Matilda. Waliopunguzwa wenzao walirudi na makochi, baiskeli na redio kubwa. Specioza alirudi na gunia la vijiti vya mizabibu, na kila treni iliposimama alishuka kutafuta maji ya kulilowesha. Ndani ya behewa watu wakaanza kumcheka.

"Mama, unasafirisha kuni kutoka Dodoma? Kwani Mpanda miti imekwisha?"

"Cheka, baba," alijibu. "Wewe kitu huwezi kukijua mpaka kitiwe kwenye chupa."

Mwese ni nchi ya juu. Unaondoka Mpanda jasho linakutoka, lori linapanda na kupanda, na unapofika unatafuta sweta. Asubuhi ukungu unalala mabondeni, jioni baridi inabana vidole. Thadei alikuwa na kipande cha mteremko alichoachiwa na ndugu zake kwa kuwa hakuna aliyekitaka: kiko juu kabisa, kina mawe, na maji hayakai. Specioza alikipanda chote kwa miguu, akachota udongo, akaunusa, akasema hapa hapa. Dodoma, alisema, zabibu zinaiva kwa pupa. Joto linazijaza sukari kabla hazijapata akili. Usiku wa baridi ndio unaoipa zabibu rangi na ukali wa kuufanya mvinyo usimame.

Thadei aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa, na Specioza hakuwa amesema ili aelewe.

Huyu Thadei alikuwa mwanamume mzuri wa sura, mwenye sauti ya kutangazia abiria, na baada ya reli kumwacha hakubakiwa na kingine zaidi ya hiyo sauti. Mkewe alipochimba mashimo, yeye alisimama kivulini akieleza mashimo yanavyotakiwa kuwa. Alipochanganya mrututu na chokaa kupulizia majani yasipate ukungu, Thadei aliwasimulia wapita njia kuhusu dawa "tunazotumia sisi wakulima wa kisasa." Specioza alimwacha aseme. Alikwishamtema zamani.

Jirani yao wa karibu alikuwa Séverine, mwanamke mnene mcheshi, wazazi wake walitoka Burundi. Alipika pombe ya ndizi na uani kwake hapakukosa watu. Alikuja siku moja na kibuyu cha pombe kwa ujirani mwema, akakuta mizabibu imeanza kushika nyaya.

"Mama Matilda, hizi si ndege watazimaliza?"

"Watamaliza za wavivu."

Specioza akamiminiwa kikombe. Alionja, akaenda kando ya banda, akatema, akarudi akamrudishia Séverine kibuyu chake kikiwa bado kimejaa. Séverine alikipokea kwa mikono miwili. Mtu mwingine asingerudi tena kwenye ua ule, lakini Séverine alirudi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na kwa hilo pia Specioza alimdharau.

Zabibu za kwanza alizikamua, akaonja, akazimwaga zote shambani. Wanakijiji waliona mifereji myekundu ikishuka kwenye mawe wakasema mwanamke huyu amerukwa na akili. Mwaka 1995 ndipo alipopata alichokitaka. Alichuma asubuhi na baridi yake, akatoa vikonyo kimoja kimoja, akaosha miguu kwa maji ya moto na kukanyaga mwenyewe ndani ya beseni kubwa la mbao. Juisi na maganda yake aliviacha vichachuke ndani ya pipa, na kila asubuhi na jioni aliyazamisha maganda kwa mti uliochongwa, maana yakiachwa juu yanashika ukungu na kuharibu kila kitu. Thadei alitaka kusaidia kuzamisha. Aliambiwa akae mbali na pumzi zake. Mvinyo ulipotulia, akauhamisha kwa mpira kutoka pipa hadi pipa, akiyaacha machicha chini.

Siku aliyouonja rasmi alikuwa peke yake. Ulikuwa mwekundu mzito, mkavu, unabana ulimi kama gome la mpera kisha unauachia taratibu. Aliumeza. Akakaa juu ya kiti cha kamba akatazama bonde, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Dodoma hakuwa na la kumlaumu mtu.

Habari zilishuka na malori hadi Mpanda, na zikamfikia Manyanda.

Manyanda alikuja nchi hii na ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani. Ng'ombe akawageuza lori, lori likawa duka, duka likazaa baa karibu na sokoni. Kitambi chake kilitangulia kuingia kila mahali, naye alifuata akicheka. Alivaa pete tatu na alizungumza na kila mtu kana kwamba amekwisha kumnunua na sasa anasubiri kupakia. Alifika Mwese na pikapu mwaka 1996, akaegemea nguzo ya banda, akaomba kuonja. Specioza alimpa kwenye glasi ndogo. Manyanda alikunywa, akapangusa midomo.

"Mayu, mama yangu, umefanya kazi. Lakini tia sukari."

"Sukari ya nini?"

"Watu wa Mpanda wanataka kitu kitamu. Hiki kikali, wataniambia imechacha. Tia sukari, tia na maji kidogo iwe nyingi, mimi nachukua yote. Kila mwaka."

Specioza alianzia kwenye viatu vyake, akapanda hadi kwenye zile pete, akafika usoni.

"Baba, ukitaka maji matamu nunua soda. Hata barabara ya huku ni mbaya, utaharibu gari lako bure."

Manyanda alicheka kama aliyesifiwa. Akaaga vizuri, akampa Thadei mkono, na Thadei akamsindikiza hadi kwenye gari. Walisimama pale kitambo.

Mwaka uleule mama yake Specioza akafariki, naye akateremka Karema kuzika. Aliporudi alikwenda bandani kabla hata ya kufungua mzigo. Alinyanyua kifuniko cha pipa la kwanza, kisha la pili, akakuta matupu. Lilibaki moja tu lenye mvinyo, lile dogo la pembeni lililofunikwa magunia.

Thadei alikuwa amevaa shati jipya.

"Nimempa Manyanda," alisema. "Kwani ulikuwa unamtunzia nani? Hunywi wewe, hunipi mimi, huuzi. Mvinyo wa nini huo? Wa kuangalia?"

Specioza hakupiga kelele. Alilichukua godoro la mumewe, akaliburuta hadi kwenye stoo ya majembe, akalibwaga. Tangu siku hiyo hakumwita tena Baba Matilda. Alimwita abiria. "Mwambieni abiria chakula kipo." "Abiria ameamka?" Thadei aliizoea stoo. Alikuwa mtu wa kuzoea kitu chochote mradi hakimtaki asimame.

Kule Mpanda, Manyanda aliugeuza mvinyo ule kuwa alivyotaka. Aliukoroga na maji, sukari ya kutosha kuchemshia chai ya msiba, na gongo kidogo ya kuupa nguvu, akaujaza kwenye chupa za bia na kuziita Waini ya Mwese. Mji ukaupenda. Makarani waliunywa, walimu waliunywa, wakubwa wa wilaya waliwanunulia wageni na kuwaeleza kwa sura za kitaalamu kwamba hii ni zabibu ya milimani, si ile ya Dodoma. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja zabibu ya milimani. Mvinyo wenyewe ulipokwisha, Manyanda alichemsha rozela kupata rangi, akaendelea. Sifa zikazidi. Madereva walipofika Mwese walimpigia Specioza honi: "Mama Waini! Mji mzima wanakusifia!"

Kusifiwa kwa uchafu wa mtu mwingine ni adhabu aliyokuwa hajaifikiria.

Zito zaidi lilikuja na Matilda. Binti alikuwa Mpanda akijifunza cherehani, na shati jipya la baba yake lilikuwa limekwisha kutengeneza urafiki kati ya nyumba mbili. Makoye, mtoto mkubwa wa Manyanda, kijana mpole asiyefanana na baba yake, akamchumbia. Specioza alielezwa na binti mwenyewe.

"Kijana mwenyewe ni mtu?" aliuliza.

"Ni mtu, mama."

"Basi olewa na kijana. Usiolewe na duka."

Harusi ilikuwa Oktoba 1997, ukumbini Mpanda. Specioza aliteremka na lori, amevaa kitenge kipya, na mapajani amepakata madumu mawili ya mvinyo kutoka lile pipa dogo. Hakumpa mtu ayashike. Séverine alikaa pembeni yake njia nzima akiimba nyimbo za harusi, na alipochoka kuimba akasema, si kwa ubaya:

"Mama Matilda, leo usimwonje mtu. Wewe watu unawaonja kama pombe, na wote unawatema."

Specioza aliyakaza madumu mapajani.

Ukumbini alikalishwa meza ya mbele, Manyanda kulia kwake, Thadei kushoto kwake akiwa ameshalewa heshima. Mshereheshaji, kijana wa suti iliyombana aliyejifunza maneno yake redioni, alishika maiki.

"Na sasa wageni waalikwa, mnyanyue glasi zenu! Mama mzaa chema ametuletea kitu chake mwenyewe, kitu cha milimani, Waini ya Mwese! Tushangilie!"

Vigelegele vikapigwa. Wasichana wakapita na majagi. Specioza aliitazama glasi yake ikijazwa kitu chekundu chepesi chenye povu, akamtazama Manyanda, na Manyanda akamkonyeza. Matilda na Makoye walikuwa wamesimama, mikono imepitana, wanamsubiri yeye aanze.

Akanywa. Kinywa kilijaa sukari, na chini ya sukari kulikuwa na moto wa gongo, na chini ya moto hakukuwa na chochote.

Alitema. Hakuwa na mchanga wa kutemea, hivyo ilimwagika juu ya kitambaa cheupe cha meza, mbele ya keki.

"Hii si yangu," alisema, na kwa kuwa mshereheshaji alikuwa bado amemwelekezea maiki, ukumbi mzima ukasikia. "Haya ni maji ya kuoshea masufuria, yametiwa sukari. Na nyie mnapiga vigelegele. Mngeletewa mkojo wa ng'ombe kwenye glasi mngeuliza kama upo mwingine."

Kisha Specioza akafanya kosa ambalo wenye dharau hulifanya: alidhani wakionyeshwa kitu kizuri watakitambua. Akaagiza madumu yake yafunguliwe. Wasichana wakapita tena, wakimimina kidogo kidogo. Wageni wakanywa, na uso baada ya uso ukakunjamana. Mama mmoja wa kamati akarudisha kwenye glasi. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti:

"Mama, hii imekufa! Imechacha!"

Kicheko kikaanzia huko nyuma, kikaja mbele kama maji. Mshereheshaji, aliyekuwa anatafuta pa kushika, akaunganisha mzaha wake. Thadei naye akacheka. Manyanda peke yake hakucheka. Alikuwa amelishika dumu moja kwa mkono wenye pete, akalisogeza polepole chini ya kiti chake.

Matilda alimsogelea mama yake. Wanja ulikuwa unamtiririka.

"Mama, ungemeza tu. Mara moja."

"Ningemeza, ningekuwa nimekubali."

"Si waini, mama. Ilikuwa harusi yangu."

Specioza alifunga kitenge chake vizuri, akatoka nje. Alikaa stendi hadi lori la asubuhi lilipopakia, na Séverine, aliyeacha wali na nyama mezani, alikaa naye.

Mwezi uliofuata mvua zilianza, zile mvua za El Nino ambazo wote waliokuwapo wanazikumbuka. Hazikukatika. Barabara ya Mwese ikakatika, madaraja yakaenda, na mteremko ule usiokaa maji ukakaa maji. Ukungu ukapanda kwenye majani, mweupe kama unga. Specioza alipuliza mrututu, mvua ikauosha. Akapuliza tena. Mrututu ulipokwisha hapakuwa na lori la kuleta mwingine. Alikata matawi kwa mikono, akachoma, akakata tena, koti la mvua la Thadei la enzi za reli limelowa na kumganda mgongoni. Thadei alimtazama kutoka mlangoni mwa stoo, akasema kwa sauti yake ya stesheni kwamba kama mizabibu ingepandwa bondeni haya yasingetokea. Hakuna aliyemsikia. Mvua ilipoachia mwaka 1998, zaidi ya nusu ya shamba lilikuwa vijiti vyeusi, na madereva waliporudi barabarani walileta habari kwamba Matilda amejifungua mtoto wa kike. Mtoto hakuletwa Mwese. Salamu hazikuletwa pia.

Mpanda iliendelea kunywa. Ungetarajia mtu augue, au serikali ije, au walau wanywaji wachoke. Hakuna kilichotokea. Manyanda aliongeza ghorofa.

Mwaka 1999 Specioza aliteremka mwenyewe. Hakumwambia mtu anakokwenda, lakini alikuwa ameshona kigauni kwa mkono, vibaya, na Séverine alikiona. Alifika kwa Makoye asubuhi. Matilda alikuwa uani anafua. Walitazamana. Specioza, kwa mazoea, alianzia miguuni, akaiona ndala iliyokatika na kufungwa kwa waya, na hakupanda zaidi.

"Shikamoo, mama," Matilda alisema.

"Marahaba."

Akaletewa chai. Mtoto akaletwa, akamkataa bibi yake kwa kilio kikubwa, na bibi akasema walau huyu ana msimamo. Matilda karibu acheke, akajizuia. Hawakuzungumza juu ya harusi. Specioza hakuomba radhi, na hakuna aliyemjua ambaye angetegemea aombe.

Saa nne Manyanda akaja kumsalimu mjukuu, akamkuta mkwe wake. Alikuwa amenenepa zaidi, pumzi zilimpa shida. Alivuta stuli, akakaa, akamtuma mtu nyumbani kwake. Ikaja chupa isiyo na lebo na glasi mbili. Akamimina. Specioza alijua rangi ile kabla haijafika chini ya glasi.

"Lile dumu la harusi," Manyanda alisema. "Na pipa moja la wakati ule, Thadei alilonipa. Sikuliuza lote. Naweka ndani, nakunywa mwenyewe jioni. Watoto wangu hawajui."

"Kumbe ulijua."

"Tangu siku ile bandani, mkwe. Sijawahi kunywa kitu kama hiki."

"Na ile nyingine?"

Manyanda alipunga mkono kuelekea mjini, kuelekea sokoni, baa, ofisi na watu wote waliomtajirisha. "Ile? Ile ya kwao. Mimi siwezi kuiweka mdomoni. Kwani wale wanajua nini?"

Alisema kwa upole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake. Specioza aliitambua sauti hiyo. Kwa miaka yote aliyomdharau mtu huyu, alimdharau kwa kuamini hajui. Mpumbavu anaweza kuvumiliwa. Sasa alikuwa ameketi mbele ya mtu ambaye ulimi wake ulikuwa sawa na wa kwake, aliyejua kizuri, akakificha chini ya kiti, akawamiminia wenzake uchafu na kuwacheka kwa kuunywa. Na alikuwa anamtazama kana kwamba wao wawili ni wa kabila moja.

"Wewe ni mchafu, Baba Makoye," alisema. "Nilidhani ni mjinga tu."

Manyanda alicheka hadi akakohoa. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomuudhi Specioza kuliko yote, kwamba hata tusi lake alilipokea kama mzaha wa watu wanaoelewana. Aliiacha glasi yake bila kuigusa, akamchukua mjukuu wake, akaenda kukaa naye upande wa pili wa ua, karibu na kamba ya nguo, ambako mtoto alilia tena.

Alirudi Mwese na mizabibu iliyobaki akaipogolea. Septemba zabibu zilikuwa chache lakini nyeusi, ngumu, nzuri. Safari hii aliwaita wanawake wa jirani wamsaidie kuchuma, jambo ambalo hakuwa amelifanya, na mvinyo ulipokuwa tayari aliwakalisha kwenye mkeka akampa kila mmoja glasi. Walikunja nyuso. Akawagombeza. Aliwaambia wasimeze upesi kama dawa ya minyoo, wauache ulimini, wasubiri. Mmoja alisema unanuka kama moshi wa mti fulani. Specioza akasema huyo sasa ameanza kuzaliwa. Séverine alimaliza yake yote na kukiri bila aibu kwamba bado anapenda ya ndizi.

"Basi nenda kanywe maji ya ndizi yako," Specioza alimwambia, akamwongezea.

Matilda alipanda Mwese mwishoni mwa mwaka, mtoto mgongoni. Makoye alikuwa amegombana na baba yake kuhusu baa, akataka yeye na Matilda wafungue duka lao wenyewe la ushonaji. Matilda alikaa nyumbani kwa siku kadhaa. Thadei alimbeba mjukuu kijijini kote akimtangaza. Siku moja Matilda aliingia bandani, akachota kwa kikombe, akapiga funda, akakaa nalo kinywani akitazama ukutani, na mama yake, aliyekuwa anafunga nyaya dirishani, alisimamisha mikono.

"Mkali," Matilda alisema.

"Ndiyo."

"Lakini si mbaya."

Specioza alimwambia kwamba kikombe alichochotea ni cha mafuta ya taa, akakioshe, na aache kuchezea mapipa ya watu. Kisha akaendelea kufunga nyaya.